Kuupa Mlango Mgongo

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe hapa mbele, na asifiwe pia na nyinyi mliokaa kule nyuma kabisa karibu na mlango! Nawaona. Benchi hilo lenu nalijua vizuri, maana nimelikalia tangu nilipookoka. Na kama kuna mtu amekaa ile kona ya ukutani, hapo palikuwa mahali pangu, akae tu kwa amani, mimi sirudi tena! Leo mmeniona safu ya kwanza. Nyinyi nyote mlikuwa nyuma yangu, mlango ulikuwa nyuma yangu, na nimeimba nikiwa nimefumba macho. Wengine mnanong'onezana, huyu Baba Shantel kapatwa na nini? Tulieni niwaambie.

Jina langu ni Elphas. Naishi hapa hapa mtaani Pipeline, ghorofa ya juu kabisa, pale karibu na kamba za kuanikia nguo. Kwa miaka mingi nilikuwa soja, mlinzi wa geti. Nililinda godauni moja kule Industrial Area, zamu ya usiku, na kazi hiyo naiheshimu kwa sababu ilitulisha. Lakini kazi ya geti haitaki mtu wa kuchekacheka. Msimamizi wetu alitufundisha hivi: mtu akija, mwangalie mikono kwanza, kisha begi, uso uwe wa mwisho. Mikono yako iweke nyuma. Usitabasamu, maana ukitabasamu ataanza kukupigia hadithi na kabla hujajua ameshaingia ndani. Nilijifunza, ndugu zangu. Nilijifunza mpaka ikaniingia kwenye mifupa.

Halafu jioni moja, tukiwa kwenye kubadilishana zamu, niliinama kufunga kamba za viatu. Geti nililiacha nyuma yangu. Sikuona mtu, sikusikia hatua. Nilisikia tu uzito kwenye kisogo. Nilipozinduka nilikuwa kitandani hospitalini na mke wangu ananiita Elphas, Elphas, naye huwa haniiti hivyo, huniita Baba Shantel. Mungu akanirudisha! Kovu liko hapa, kinyozi wangu analijua, hulizunguka na mashine kama dereva anayekwepa shimo.

Kichwa kilipona. Lakini tangu siku ile sikuweza kuupa mlango mgongo. Nikienda kunywa chai, nakaa ukutani. Nikienda kwa watu kuwajulia hali, namwondoa mwenye nyumba kwenye kiti chake ili nione mlango. Hata maombi, jamani! Mchungaji akisema tufumbe macho, mimi nilikuwa macho wazi, nawalinda nyote. Mama Mchungaji yuko hapa, ni shahidi. Siku moja alifungua macho katikati ya maombi tukagongana uso kwa uso. Maskini, aliyafunga mbio!

Chekeni tu, na mimi nacheka sasa. Wakati ule haikuwa ya kucheka.

Sasa niwaambie habari ya nyumba yangu. Tunaishi chumba kimoja. Mama Shantel anasuka nywele katika saluni hapa chini kwenye barabara ya vumbi. Mimi nilikuwa narudi asubuhi, wao wakiamka, na nikishalala ilikuwa sheria moja tu katika nyumba ile: Baba amelala. Binti yetu Shantel alizaliwa katika sheria hiyo. Mtoto yule alijifunza kufunika sufuria akiweka kitambaa chini ya kifuniko ili isilie. Alijifunza kutembea kwa vidole. Akitaka maji, alimvuta mamake nguo na kuonyesha kwa kidole. Na akiongea, ananong'ona, hata nikiwa nimeamka, hata tukiwa kwenye korido na majirani wamefungulia redio mpaka mwisho. Sisi tulijivunia! Majirani walituambia, aisee, nyinyi mna mtoto mpole, mmemfanyia nini? Na sisi tukapokea sifa.

Halafu alipoingia gredi ya kwanza, mwalimu wake akamwita Mama Shantel. Akamwambia, mtoto huyu haongei. Akiulizwa swali, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Wenzake wameanza kumwita Bubu. Mwalimu akauliza kwa upole, mama, huko nyumbani kuna mgonjwa? Mke wangu akasema hakuna. Aliponisimulia, nilikuwa navaa sare niende kazini. Niliketi kitandani na mshipi mkononi. Ndugu zangu, nilijua mgonjwa ni nani.

Nikaanza kumwomba Mungu kitu kimoja. Sikuomba gari, sikuomba ploti. Nilisema Bwana, nipe kazi ya mchana. Kazi yoyote ya mchana, ili mtoto wangu apige kelele nyumbani kwake kama watoto wengine, kabla sauti yake haijapotea kabisa.

Nikatuma maombi ya kazi. Na kumbe kwenye karatasi nilionekana mtu wa maana! Waliniita. Duka moja kubwa la vyakula lilikuwa linatafuta mtu wa kaunta. Nikaingia, nikasimama mlangoni, nikaangalia mikono ya meneja. Nikaangalia mabegi. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mgongo kwa mlango, basi nikakibeba, nikakipeleka mpaka ukutani, nikaketi huko mbali. Wale watu wa jopo wakatazamana. Mmoja akaniuliza, mzee, kuna shida? Nikamwambia, hakuna, endeleeni. Endeleeni! Kama ni mimi niliyewaita!

Kazi sikupata. Mahali pengine, ofisi, walitaka mtu wa kupeleka barua na kupokea wageni. Kulikuwa na mama mmoja kwenye meza, mkoba wake zipu iko wazi. Mimi nikawa naukodolea macho, moyoni nawaza mama huyu ataibiwa akitoka nje huku mjini, nimwambie au nisimwambie? Lakini uso wangu haukusema hivyo. Nilimwona anauvuta mkoba polepole, anauweka miguuni, kisha chini ya meza kabisa. Waliniambia watanipigia. Mpaka leo nangoja.

Na hapa kanisani mnakumbuka. Wazee walinionea huruma, wakasema ndugu Elphas ni mtu wa milango, tumweke mlangoni apokee wageni. Loo! Wageni wakawa wanafungua mikoba wenyewe. Kuna baba mmoja alinyanyua mikono juu, Biblia huku, mwavuli huku, akangoja nimpekue! Jumapili iliyofuata wazee wakaniita pembeni kwa heshima sana, wakaniambia kuna uhitaji mkubwa katika huduma ya kupanga viti.

Nilikuwa naumia, ndugu zangu. Nilijua naweza kazi. Kusoma nimesoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza nakisikia, wizi sina. Lakini kabla sijafungua mdomo, mwili wangu ulikuwa umeshawaambia wale watu nendeni zenu. Wenye elimu wanasema hiyo ni lugha ya mwili. Mimi sikujua kwamba nina lugha hiyo, wala kwamba naiongea kwa ukali namna ile.

Mungu alinionyesha kwa njia ambayo singeitarajia. Ilikuwa Jumamosi mchana, sikuwa na zamu. Juzi yake nilikuwa nimekosa kazi nyingine tena, nimejilaza, nimejifunika blanketi, lakini usingizi hakuna. Shantel akadhani nimelala. Mamake huwa analeta nyumbani kile kichwa cha plastiki cha kufanyia mazoezi ya kusuka. Shantel akakiweka mezani. Akachukua kofia yangu ya kazi, ikamzama mpaka kwenye nyusi. Akatoka nje, akaingia tena. Akasimama mlangoni. Akaweka mikono nyuma. Akakunja uso, jamani, akaukunja mpaka kidevu kikatetemeka, akakitazama kile kichwa cha plastiki kutoka chini mpaka juu. Halafu akabeba kigoda chake, akakipeleka ukutani, akaketi, akaendelea kukikazia macho.

Alikuwa anacheza mchezo wa Baba kwenye intaviu! Alikuwa amenisikia nikimhadithia mamake.

Mama Shantel akaingia kutoka saluni akamkuta hivyo. Alicheka mpaka akaketi sakafuni na mkoba wake. Mimi chini ya blanketi nikaanza kucheka, kitanda kikatikisika, wakagundua niko macho. Tukacheka wote. Halafu kicheko kikanigeukia, nikalia. Nililia kwa sababu niliiona ile sura. Nilijiona vile wale watu wa jopo walivyoniona. Na nililia kwa sababu katika mchezo wote ule, mtoto hakutamka hata neno. Mchezo wa kuwa Baba haukuwa na maneno.

Mke wangu akainuka pale sakafuni. Aliniambia, Baba Shantel, leo tuombe. Lakini leo geuka.

Nilijua anamaanisha nini. Nilipiga magoti nikitazama dirisha, mlango ukiwa nyuma yangu, na hata haukuwa umefungwa, maana joto lilikuwa jingi. Nikafumba macho. Ndugu zangu, nilitokwa na jasho! Kila hatua iliyopanda ngazi niliisikia kwenye kovu. Mtu akiburuta mtungi wa maji kwenye korido, nasikia anakuja kwangu. Mama Shantel akaweka kiganja chake hapa kwenye kisogo, akakiacha hapo. Nikasema, Bwana, mgongo huu nimeulinda mpaka nimechoka. Pokea zamu. Kuanzia sasa zamu ni yako.

Wengine husimama hapa wakashuhudia moto, wakashuhudia sauti. Mimi sikuona moto. Nilisikia tu mabega yangu yanashuka. Yalishuka polepole kama mtu anayetua mzigo wa watu, na ndipo nikajua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimeyabeba karibu na masikio. Utukufu kwa Mungu!

Basi tukaanza kazi. Maana Mungu akikufungua kamba, kutembea ni kwako. Mama Shantel akawa mwalimu wangu. Mtu wa saluni husoma watu, anajua mteja amekasirika kabla hajavua kitambaa kichwani. Aliniambia, mikono iweke mbele, ionekane, mtu asijiulize umeficha nini. Usiegemee nyuma kama unayesubiri mkosaji ajieleze, sogea kidogo kwa yule anayeongea. Mtazame usoni kwanza, na umtazame kama mtu uliyefurahi amekuja. Kutabasamu ndiko kulikonitoa roho. Tabasamu langu la kwanza alilitazama akasema, hapana, hilo ni la mtu anayeumwa na jino. La pili akasema afadhali lile la jino!

Bosi alikuwa Shantel. Tulimketisha juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa, na yule wa plastiki kando yake akiwa katibu. Mimi nabisha, naingia, naketi, mlango nyuma yangu. Bosi ananiuliza swali kwa kunong'ona. Nami namwambia kwa adabu, samahani bosi, sijakusikia. Anarudia. Bado, bosi. Mwombaji wa kazi atajibuje asichokisikia? Anamtazama mamake. Mamake anamwambia, wewe ndiye bosi, bosi haogopi mtu. Na siku moja, ndugu zangu, mtoto huyo alivuta pumzi, akashika mtungi kwa mikono miwili, akasema KWA NINI UNATAKA KAZI HAPA? Jirani akagonga ukuta! Tulimrukia tukamkumbatia, bosi akasahau maswali yote yaliyobaki.

Lakini siku za kazi mambo yalirudi pale pale. Nikilala, kimya. Sheria ilikuwa imemkaa.

Ndipo nikaitwa na kliniki moja upande wa Donholm. Walitaka mtu wa mapokezi, wa kukaribisha wagonjwa na kuwaonyesha pa kwenda. Kazi ya mchana! Mama Shantel alininyooshea shati asubuhi ile mara mbili, kisha akanikagua mpaka nikajisikia kama mimi ndiye nimefika getini. Nikaingia katika chumba cha mahojiano, na kiti changu mnajua kilikuwa wapi. Katikati ya chumba, mgongo kwa mlango. Nilisalimia, nikanyoosha mkono, nikashika kiti, na mkono wenyewe ukaanza kukinyanyua! Nikakishusha. Nikaketi. Moyoni nikasema, Bwana, zamu ni yako.

Walikuwa watatu, na aliyekuwa kati alikuwa daktari, mama wa makamo mwenye miwani. Niliwatazama nyuso. Nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye mahojiano yote niliyoenda: na wao wanatamani mambo yaende vizuri. Uso wa mtu una habari nyingi ukianza nao! Tukaendelea vizuri, mikono yangu iko mezani, nasikiliza, najibu.

Mara mlango ukafunguka nyuma yangu, na kabla sijajua ni nani, PAAA! Vikombe chini!

Ndugu zangu, nisiwadanganye. Niliruka. Mabega yalirudi masikioni mbio. Aliyeingia alikuwa mama wa chai, sinia imemponyoka, amesimama amejishika mdomo. Elphas wa zamani angekuwa ameshafika kwenye ukuta. Mimi nilicheka. Kilikuwa kicheko chenyewe, si kile cha jino. Nikawaambia, niwieni radhi, nilikuwa soja, mgongo wangu bado unajifunza. Wakacheka na wao. Nikainuka, nikamsaidia yule mama kuokota vigae, nikampa pole. Halafu nikarudi kwenye kiti kile kile, mlango nyuma yangu, nikaketi.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniuliza, mgonjwa akiingia hapa na hofu, utamfanyia nini? Nikamwambia, daktari, hofu naijua inavyokaa kwenye mwili wa mtu. Mwenye hofu haketi, anashikilia kiti. Anatafuta mlango kwa macho. Nitamwona kabla hajasema, nitamwendea mikono ikiwa wazi, nimwambie karibu, pole, uko mahali salama. Haleluya! Yale macho ya geti ambayo shetani alidhani yatanifunga maisha, Mungu aliyageuza yakawa ya kuhudumia watu!

Nikarudi nyumbani, nikarudi kwenye zamu zangu, nikangoja. Siku zikapita. Ikawa likizo ya shule. Asubuhi moja nimetoka kazini nimechoka, nimelala usingizi wa maiti, Mama Shantel ameshuka saluni. Shantel yuko sakafuni na kichwa chake cha plastiki. Simu yangu ikaita. Mtoto akaitazama. Ikakatika. Sheria mnaijua: Baba amelala. Ikaita tena. Akaichukua, akaiweka sikioni, akasikia sauti ya mama mmoja inasema, naomba kuongea na Elphas, ni kuhusu kazi.

Aliniambia baadaye kwamba alikuja mpaka kitandani akanong'ona. Baba. Sikusikia. Akanivuta blanketi. Sikusikia. Yule mama kwenye simu anasema haloo, haloo. Na mtoto wangu akaona simu itakatika, na kazi itapotea, na Baba hasikii. Ndugu zangu! Shantel alisimama katikati ya chumba kile, akafungua mdomo wake, akaita BABAAA! AMKA! KAZI!

Niliruka kitandani, sufuria mkononi kama rungu. Milango ya majirani ilifunguka korido nzima. Mama wa chumba kinachofuata alifika na mwiko wa ugali mkononi akiuliza ni moto au ni mwizi. Na mimi naangalia mtoto wangu, mdomo bado uko wazi, macho yamemtoka kwa kujishangaa. Nikaichukua simu. Yule mama wa kliniki anacheka upande wa pili, ananiuliza, aliyekuita hivyo ni nani? Nikamwambia, ni bosi wangu. Akasema basi mwambie bosi wako akuruhusu, uje uanze kazi.

Mungu ni mwema! Sasa naondoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado liko. Tunakula pamoja sote watatu. Nyumba yangu ina kelele, sufuria zinalia, nyimbo zinaimbwa mpaka jirani anagonga ukuta, nami namwomba msamaha huku natabasamu. Juzi mwalimu ametuma ujumbe tena. Anasema Shantel anaongea sana darasani, tumsaidie kumtuliza. Nimemwambia mwalimu atuvumilie kidogo, mtoto ana deni kubwa la maneno!

Simaanishi hofu imekwisha yote. Kuna siku kwenye mkahawa miguu inanielekeza ukutani. Naivuta, naikalisha katikati. Mungu hachoki na zamu yake.

Vijana mnaotafuta kazi, baada ya ibada njooni kwetu. Mama Shantel atawafundisha mikono na macho, na bosi yupo, mtungi upo. Lakini wewe unayekaa nyuma, wewe uliyepigwa siku moja na tangu siku hiyo umekuwa mlinzi wako mwenyewe, unakazia watu uso ili wasikukaribie, nakusihi. Umechoka. Nakuona, maana nilikuwa wewe. Mpe Mungu mgongo wako aulinde. Hao unaodhani unawalinda kwa huo uso wako, huenda wananong'ona kwa sababu yako. Geuka leo. Mtegemee, hutajuta!

Namaliza. Shantel, mwanangu, uko wapi? Simama juu ya benchi wakuone. Wasalimie watu wa Mungu, toa mikono nyuma, hivyo, tabasamu. Sasa sema, na usiogope mtu.

Mmesikia, ndugu zangu? Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha.